Je, Wajua? Itifaki Inapodai Sifa

Je, wajua kwamba programu inaweza kukataliwa kabla haijafanya kazi yoyote, kwa sababu tu imekosa sifa moja iliyodaiwa? Katika lugha ya Swift, mahali pa kuandikia madai hayo panaitwa itifaki. Itifaki haifanyi kazi yenyewe. Hutaja sifa ambazo kila anayeipokea lazima awe nazo, kisha humwachia kila mmoja azipate kwa njia yake.

Swift ilitangazwa na Apple tarehe 2 Juni 2014. Chris Lattner alikuwa ameanza kuiunda Julai 2010, na Desemba 2015 msimbo wake ukafunguliwa kwa ulimwengu mzima.

Dai la sifa lina mambo matatu. La kwanza ni jina. La pili ni aina: maandishi, nambari kamili, tarehe au nyingine yoyote. La tatu ni ruhusa: sifa isomeke tu, jambo linaloandikwa kwa neno get, au isomeke na iandikike, yaani get pamoja na set. Itifaki haiulizi kama thamani imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta au inakokotolewa upya kila inapoombwa.

Mkulima wa Ikonge, kaunti ya Nyamira, anaielewa habari hii bila kugusa kompyuta. Karani wa kituo cha kununua majani chai anadai majani mawili na kichipukizi. Akiyaona hayo kikapuni, anapima na kuandika kilo. Haulizi yametoka mstari upi wa shamba wala ni nani aliyeyachuma alfajiri. Lakini jani gumu likijaa kikapuni, maelezo hayasaidii. Kompaila ya Swift, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, nayo hukagua kinacholetwa mbele yake na kukirudisha palepale kikiwa na upungufu, kabla programu haijamfikia mtumiaji.

Je, wajua kwamba sifa ya kusomeka tu si lazima iwe thabiti? Wanafunzi wengi huteleza hapa. Katika Swift, kitu kisichobadilika hutangazwa kwa neno let, na kinachobadilika kwa neno var. Ndani ya itifaki, hata hivyo, sifa hutangazwa kwa var siku zote, na ukijaribu kuandika let kompaila itakukataza. Sababu yake ina busara. Itifaki huzungumzia anachoruhusiwa yule anayesoma, na haiahidi kwamba thamani itabaki ilivyo. Chukua umri wa mtu. Hakuna anayeweza kuuandika upya apendavyo, na bado mwaka ujao hautakuwa huu wa leo. Umri unasomeka tu, na unabadilika.

Anayetoa zaidi ya alichoombwa hana kosa. Dai la kusomeka tu linatimizwa na thabiti, na kigeu, na sifa inayokokotolewa, hata na sifa inayoruhusu kuandikwa. Kinyume chake hakikubaliki: palipodaiwa get na set, huwezi kuleta thabiti, wala sifa inayokokotolewa isiyo na njia ya kuandikwa.

Kotlin inafuata kanuni hiyohiyo. Kiolesura chake, ambacho hushika nafasi ya itifaki, kikidai val, yaani sifa ya kusomeka, mpokeaji anaweza kuitimiza kwa var. Kikidai var, val haitoshi. Lugha hiyo, iliyopewa jina la kisiwa cha Kotlin karibu na mji wa St. Petersburg, ilifikia toleo 1.0 Februari 2016, na Mei 2017 Google ikatangaza kuiunga mkono kwa simu za Android. Kwa kuwa simu nyingi mikononi mwa Wakenya ni za Android, kijana wa Ikonge anayetaka kuandika programu za simu huenda akakutana na Kotlin kabla ya Swift. Asiogope. Alichojifunza huku kitamfaa kule.

Je, wajua kwamba kila skrini iliyojengwa kwa SwiftUI, zana ya Apple ya kujengea skrini iliyotoka mwaka 2019, imesimama juu ya dai la sifa moja? Itifaki yake iitwayo View inadai body basi. Vitufe, orodha na picha zote hupita mlango huo mmoja.

Itifaki ya CaseIterable, iliyokuja na Swift 4.2 mwaka 2018, inadai sifa iitwayo allCases, na sifa hiyo ni ya aina nzima, haimilikiwi na kitu kimoja kimoja. Huandikwa kwa neno static.

Itifaki ya Error haidai sifa yoyote. Ni alama tu ya kusema: kitu hiki kinaweza kurushwa kama hitilafu.

Tangu Swift 5.3 ya mwaka 2020, hata tawi la orodha funge (enum), lile linaloandikwa kwa neno case, linaweza kutimiza dai la sifa ya static bila msimbo wa ziada.

Je, wajua kwamba lugha hazikubaliani kabisa kuhusu jambo hili? Kiolesura cha Java, lugha iliyotolewa mwaka 1996, hakiwezi kudai kwamba kila kitu kiwe na sifa yake binafsi. Ukiandika sifa ndani yake, Java inaifanya kuwa thabiti ya umma inayoshirikiwa na wote. Ndiyo maana waandishi wa Java hudai vitendo viwili viwili: kimoja cha kusoma kinachoanza na get, kingine cha kuandika kinachoanza na set. C# iliruhusu sifa ndani ya violesura tangu toleo lake la kwanza mwaka 2002. PHP, lugha ya kujengea tovuti, ilisubiri hadi toleo 8.4 la Novemba 2024. Go, iliyotangazwa Novemba 2009, hairuhusu hadi leo: violesura vyake hudai vitendo peke yake. Rust nayo ni hivyo, isipokuwa inakubali thabiti zinazoambatana na aina.

TypeScript ina jambo la kumfikirisha mtu. Violesura vyake vinadai sifa kwa ukali wakati wa kuandika, na vinaruhusu kusema sifa fulani ni ya hiari kwa kuweka alama ya kuuliza baada ya jina lake. Lakini programu ikishageuzwa kuwa JavaScript, violesura hivyo hufutika vyote. Data ikitoka nje, tuseme kwenye fomu ya mtandaoni, hakuna mlinzi aliyebaki mlangoni. Anayeandika TypeScript akidhani amelindwa anapaswa kuongeza ukaguzi wake mwenyewe.

Na Python? Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu shuleni, na lugha inayotumika ni Python. Itifaki ziliingia katika Python 3.8, Oktoba 2019. Ndani yake kitu hakihitaji kujitangaza kuwa kinafuata itifaki. Kikiwa na sifa zinazotakiwa, kinahesabiwa kuwa kinafuata. Ukiiomba Python ikague programu ikiwa tayari inakimbia, itaangalia tu kama jina la sifa lipo. Haitaangalia aina ya kilichomo. Sifa iitwayo umri yenye neno "ndizi" ndani yake itapita ukaguzi huo.

Sasa tufike kwenye kisa ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa kilizaliwa Kenya.

Je, wajua kwamba mojawapo ya programu za afya zilizoenea zaidi duniani ilianzia magharibi mwa Kenya? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta kwa mfumo uliojengwa juu ya Microsoft Access. Wahusika walitoka Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Baadaye mpango wa AMPATH wa Eldoret ulipopokea wagonjwa wengi wa VVU, ilionekana wazi kwamba mfumo ule hautamudu. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walikwenda Eldoret, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, iliyoanza kutumika huko mwaka 2006. Imeandikwa kwa Java. KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya vya umma nchini, imejengwa juu yake.

Ukiufungua msimbo wa OpenMRS utakuta madai ya sifa, kwa njia ile ya vitendo vya get na set, yaliyoandikwa na watu waliojua kliniki ilivyo. Kiolesura kiitwacho Auditable kinadai mambo manne kwa kila kumbukumbu: nani aliiunda, iliundwa lini, nani aliibadilisha mwisho, na ilibadilishwa lini. Muuguzi hajazi sifa hizi. Kumbukumbu inapohifadhiwa, mfumo wenyewe huandika jina la aliyeingia na saa ya wakati huo. Uamuzi huo ni mzuri mno. Ukidai jambo la lazima ambalo mtu mwenye foleni ya wagonjwa hamsini atalijaza kwa mkono, utapata uongo, na hutaweza kumlaumu.

Kiolesura kingine, Voidable, kinadai sifa nne zinazohusu kubatilisha: kama kumbukumbu imebatilishwa, na nani, lini, na kwa sababu gani. Kumbukumbu ya mgonjwa iliyokosewa haifutwi. Inabatilishwa na kubaki pale na maelezo yake. Daktari wa kesho anaweza kujua kwamba jana kulikuwa na kipimo kilichoandikwa kwa mgonjwa asiye wake.

Na ile sifa ninayoipenda zaidi inaitwa birthdateEstimated. Ni ndiyo au hapana: je, tarehe hii ya kuzaliwa imekadiriwa? Omong'ina, yaani bibi mzee, wa Ikonge aliyezaliwa nyumbani karibu na mwaka wa uhuru anajua nani alikuwa jirani, mvua ilinyeshaje msimu ule, na ni mtoto wa ngapi kwa mama yake. Siku na mwezi hana. Mfumo unaodai tarehe kamili utamlazimisha karani abuni, na tarehe ya kubuni itakaa kwenye hifadhidata ikionekana sawa na ya kweli. OpenMRS inamruhusu karani aandike umri, kisha inajiwekea tarehe 1 Januari ya mwaka unaolingana na kuweka alama kwamba ni makadirio. Kompyuta inajua kwamba haijui. Kwangu mimi, sifa hiyo moja ndogo ina heshima zaidi kwa mgonjwa kuliko kurasa nyingi za sera.

Umri wenyewe, je? Katika OpenMRS hauhifadhiwi. Unakokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa kila unapoombwa. Ungehifadhiwa kama nambari, kila kumbukumbu ingeanza kudanganya ifikapo siku ya kuzaliwa.

Je, wajua kwa nini jina halitoshi kumtambulisha mtu? Kwa Abagusii watoto hupewa majina ya jamaa waliotangulia, na majina hurudi kizazi hadi kizazi. Ita Moraa, Kerubo au Nyaboke sokoni Ikonge siku ya soko uone ni wangapi watageuka. Swift ina itifaki ya Identifiable, iliyoingia katika toleo 5.1 mwaka 2019, inayodai sifa moja: id. OpenMRS inadai uuid, kitambulisho cha biti 128 ambacho kikiandikwa huwa na alama 36 pamoja na vistari. Faida yake inaonekana pale ambapo mtandao hukatika. Vituo viwili visivyowasiliana vinaweza kusajili wagonjwa siku nzima, na kumbukumbu zikiunganishwa jioni vitambulisho havitagongana, kwa sababu uwezekano wa kufanana ni mdogo kupita kiasi.

Lakini hakuna muuguzi atakayesoma alama 36 kwa sauti. Kwa hiyo kuna nambari fupi ya mgonjwa, na kuna kiolesura cha kuikagua kinachodai, pamoja na mengine, orodha ya herufi zinazoruhusiwa. Mtindo mmoja unaotumika una alama 30 tu: tarakimu 10 na herufi 20. Herufi B, I, O, Q, S na Z zimeachwa nje kwa sababu kwenye mwandiko wa mkono hufanana na 8, 1, 0, 5 na 2. Alama ya mwisho ya nambari hukokotolewa kutoka zile zilizotangulia kwa njia iliyotokana na ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeombea hataza yake mwaka 1954. Ukikosea herufi moja, kompyuta hukataa papo hapo, badala ya kukufungulia faili la mtu mwingine.

Je, wajua kwamba hata wajenzi wazuri hudai kupita kiasi? OpenMRS ina kiolesura cha msingi, OpenmrsObject, kinachodai kila kitu kiwe na nambari ya utambulisho inayosomeka na kuandikika. Ila vipo vitu ndani ya mfumo visivyo na nambari hiyo. Mpangilio wa mfumo, kwa mfano, hutambulika kwa jina lake. Ilibidi wafanye nini? Waliandika kitendo kinachotakiwa, na ndani yake wakaweka hitilafu: ukiniomba nambari, nitarusha kosa la kusema jambo hili haliwezekani. Kompaila inaridhika kwa kuwa kitendo kipo. Anayekiita ndiye anayeanguka, programu ikiwa tayari inakimbia.

Jambo la pili linafanana na hilo. Auditable inadai nani aliyebadilisha na lini, kumbe ziko kumbukumbu ambazo hazipaswi kubadilishwa kabisa. Kipimo cha maabara kilichoshaandikwa kikisahihishwa, matoleo mapya ya OpenMRS huunda kumbukumbu mpya na kuibatilisha ya zamani. Kwa kumbukumbu kama hiyo, sifa ya "aliyebadilisha" haina kazi. Waandishi waliweka alama kwenye klasi ya msingi kwamba sifa hizo zisitegemewe tena, wakatenga klasi nyingine kwa data inayoruhusu mabadiliko. Kurekebisha itifaki iliyokwisha kutumika na maelfu ya watu ni kazi ya miaka. Kuongeza dai jipya kunaweza kuvunja programu za zamani. Kuondoa dai kunawaangusha wote waliolitegemea. Dai dogo ndilo linalodumu.

Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, alieleza kanuni inayohusika hapa kwenye hotuba yake ya mwaka 1987: kitu cha aina ndogo lazima kiweze kukaa mahali pa aina kubwa bila programu kuharibika. Kitendo kinachorusha hitilafu kinapoombwa nambari kinavunja kanuni hiyo, hata kama kompaila imekipitisha.

Je, wajua kwamba aina ya sifa inaweza kula sifuri yako? Nambari ya simu ikidaiwa kuwa nambari kamili, 0712 itahifadhiwa kama 712. Simu ni maandishi. Hujumlishi simu mbili.

Na mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa nambari za simu zinazoanza na 01, kwa sababu zile za 07 zilikuwa zinakwisha. Programu yoyote iliyodai kwamba simu lazima ianze na 07 ilimkataa mwenye laini mpya, ingawa laini yake ilikuwa halali kabisa. Dai hilo lilikuwa kweli lilipoandikwa. Aliyeliandika alichukua mazoea ya wakati wake akayafanya sheria.

M-Pesa ilianza tarehe 6 Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, njia ya programu za watu wengine kuzungumza nayo. Ombi la kumtumia mteja kisanduku cha kuweka nambari ya siri lina madai yake: nambari ya biashara, kiasi, simu ya mlipaji, anwani ya kupokelea jibu, na mengine kadhaa. Simu huanza na 254 na huwa na tarakimu 12. Wakati huandikwa kwa tarakimu 14 mfululizo, kuanzia mwaka hadi sekunde. Kiasi ni shilingi kamili, bila senti. Kumbukumbu ya akaunti haizidi alama 12, kwa hiyo shule yenye jina refu inayotoza karo kwa njia hii italazimika kufupisha.

Jibu la Daraja halirudi palepale. Mteja anaweza kuwa shambani, simu iko nyumbani. Ombi likipokelewa unaambiwa limepokelewa tu. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyotoa. Sifuri maana yake malipo yamekamilika, 1032 maana yake mteja ameghairi, na 1 maana yake salio halitoshi. Anayeandika programu ya duka na kumkabidhi mteja bidhaa kwa sababu ombi limepokelewa atapata hasara siku hiyohiyo.

Swift imejifunza kueleza hali hiyo. Tangu toleo 5.5 la mwaka 2021, itifaki inaweza kudai sifa ya kusomeka ambayo msomaji lazima aisubiri, au ambayo inaweza kurusha hitilafu badala ya kutoa thamani. Maneno async na throws huandikwa kando ya get. Kabla ya hapo, sifa iliyochukua muda ilijifanya kama ya haraka, na skrini ya mtumiaji ingeweza kuganda.

Je, wajua mtego wa ziada? Mwaka 2015 Swift 2 iliruhusu kuandika jibu la kawaida la sifa kwenye nyongeza ya itifaki, ili mpokeaji asiyeandika lake atumie hilo. Kama sifa imetajwa kwenye itifaki yenyewe, jibu la mpokeaji ndilo linalotumika. Kama imeandikwa kwenye nyongeza peke yake, bila kudaiwa, basi matokeo yanategemea ulivyokitaja kitu: ukikitaja kwa jina la itifaki utapata jibu la kawaida, ukikitaja kwa aina yake halisi utapata jibu lake. Kitu kimoja, majibu mawili, na kompaila haisemi neno. Ukitaka mpokeaji awe na neno la mwisho, liandike dai ndani ya itifaki.

Nyongeza hiyo haiwezi kuhifadhi chochote, hata hivyo. Inaruhusiwa kukokotoa tu. Kotlin ina katazo hilohilo kwa violesura vyake.

Je, wajua kwamba kialama kidogo kando ya herufi kinaweza kumfungia mtu mlango? Nyang'au na Ong'era ni majina ya kawaida Nyamira na Kisii. Itifaki ikidai jina liwe maandishi, majina hayo yanatimiza dai. Lakini katika lugha ya SQL ya hifadhidata, alama ile ya ng' ndiyo hufunga maandishi. Mwandishi wa programu aliyeunganisha vipande vya maandishi ovyo atakuta kumbukumbu ya Nyang'au inakataa kuhifadhiwa, na mbaya zaidi, ameacha mwanya ambao mwizi wa data anautafuta. Dawa inajulikana: tuma thamani kando na amri, ukitumia nafasi zilizotengwa kwa ajili yake. Kumwambia mwenye jina aliandike Nyangau ni kumdai mtu abadilike ili msimbo mbovu ubaki ulivyo. Huo ni uonevu, na nimeuona ukifanywa kwenye dirisha la ofisi moja kana kwamba ni jambo la kawaida.

Kompaila haiwezi kumsaidia Nyang'au, kwa kuwa inajua aina na haijui watu. Haijui kwamba omong'ina hana tarehe kamili, kwamba simu inaweza kuanza na 01, au kwamba mzazi mmoja hakutajwa kwenye cheti. Anayejua hayo ni mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati, akapanga foleni ya karo na kusubiri kilo zake kwenye kituo cha chai. Ndiyo maana nataka itifaki za huduma za hapa kwetu ziandikwe na watu wa hapa, au angalau zisomwe nao kabla hazijapitishwa.

Kwako kijana wa Ikonge, Ekerenyo, Keroka au Suneka unayejifunza kuandika programu kwa simu au kwa kompyuta ya shule: msimbo wa OpenMRS uko wazi kwenye GitHub chini ya leseni ya umma ya Mozilla, kwenye hazina iitwayo openmrs-core, na kuusoma hakuhitaji kibali wala ada. Tafuta Auditable, ni ukurasa mfupi. Kisha tafuta Person, usome namna birthdateEstimated inavyotumika. Ukishamaliza, chukua fomu yoyote uliyowahi kujaza ukakwama, andika madai yake upya kwa lugha unayoijua, na uondoe kila sifa ambayo mzee wa kijiji chako asingeweza kuijaza kwa ukweli.